Tumpeleke Chuo Kikuu au Tumpeleke kwa Fundi?



Mara hii hatutaanza na habari za bei wala za magunia. Liko jambo limetufikia ofisini, na tumeona si vyema kulifungia ndani ya saraka bila ya kulizungumza nanyi, kwa sababu hapana nyumba katika kisiwa chetu cha Pemba ambayo jambo hili halijaipigia hodi au haliko njiani kuipigia.

Jumatatu moja, baada ya sala ya adhuhuri, alitujia mwanachama wetu wa siku nyingi, mtu tunayemheshimu kwa umri na kwa usafi wa karafuu zake, akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alitaka tuwe mashahidi. Karatasi ilisema kwamba yeye anamkodisha mtu fulani mikarafuu yake yote, miti 80, kwa misimu mitatu mfululizo, na kwamba fedha yote anapewa sasa, mkononi, kabla ya mwezi kwisha. Tukashituka. Tukamwuliza, "Mzee wetu, kuna ugonjwa nyumbani?" Akacheka akasema, "Hapana, Bwana Katibu, ni kheri tupu. Kijana anakwenda Chuo Kikuu."

Hatukutia mkono wetu siku ile. Tulimwomba atuachie karatasi mpaka Ijumaa, tukamwambia kalamu ya ofisi imekwisha wino, jambo ambalo, Mwenyezi Mungu atusamehe, halikuwa kweli.

Tangu hapo tumekuwa tukijiuliza, na kuwauliza wengine barazani na kwenye foleni ya mizani: je, shahada ya chuo kikuu yastahili thamani kama hiyo, au ni bora kijana akajifunza ufundi? Tumeona kwamba wengi hujibu upesi mno. Aliye na mtoto aliyepata kazi kwa shahada yake husema shahada. Aliye na mtoto anayezunguka na bahasha ya kaki huu mwaka wa nne husema ufundi. Kila mmoja anasoma kitabu cha nyumbani kwake.

Sisi watu wa visiwani tukisema "chuo" bila ya kuongeza neno, twakusudia pale tulipokaa juu ya jamvi tukiwa wadogo, ubao mkononi, tukifuatisha mdomo wa mwalimu. Palikuwa na elimu pale, na palikuwa na kazi pia: tulimchotea mwalimu maji, tulimchanjia kuni, na msimu ukifika tulimchambulia karafuu. Hakuna aliyetwambia kwamba mkono na kichwa ni maadui. Hata maneno yenyewe yashuhudia. Fundi na mwanafunzi ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka katika kufunda na kufunza. Wangazija, majirani zetu wa baharini, mpaka leo humwita mwalimu "fundi", na kwao ni jina la heshima kubwa. Kwetu sisi jina hilo limeteremka ngazi. Twampa fundi nyumba yetu aijenge, twampa watoto wetu walale chini ya paa aliloezeka, lakini akija kuposa, twauliza kama hana kazi ya ofisini.

Si kwamba wazee wetu walikuwa wajinga walipoitukuza shahada. Kabla ya mwaka 1998 hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja, Unguja wala Pemba. Aliyeitaka shahada alikwenda Makerere, au tangu 1961 alikwenda Dar es Salaam, au nchi za mbali, na waliokwenda walikuwa wachache hata mji mzima ukawajua kwa majina na kwa majina ya baba zao. Waliporudi kazi ilikuwa ikiwangoja gatini. Basi aliyeyaona hayo kwa macho yake, akasema shahada ni kazi, alisema kweli kwa wakati wake. Mwaka 1998 vikafunguliwa vyuo vya Tunguu na Chukwani, kisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kikaundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001. Leo mtoto wa mkulima aweza kusoma shahada bila ya kuvuka kwenda Bara. Hii ni neema, na asiyeishukuru ana lake moyoni.

Lakini kitu kikienea sokoni, bei yake hugeuka, na sisi wa karafuu ndio watu wa mwisho wa kuhitaji kufundishwa hilo. Wenye umri mkubwa wanakumbuka namna Indonesia ilivyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, kwa ajili ya zile sigara zao za kretek zinazotiwa karafuu. Wakapanda mikarafuu yao wenyewe, na ilipofika miaka ya 1980 wakawa wanajitosheleza, na bei ya karafuu yetu ikaanguka. Karafuu ya Pemba haikuharibika. Ilikuwa ileile, harufu ileile, mafuta yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi alikuwa na yake tele ghalani. Hivyo ndivyo ilivyo kwa shahada nyingi leo. Kijana hana kosa, chuo hakina kosa, lakini anayeajiri ana mafungu ya barua mezani, na kila barua ina shahada ndani yake.

Sasa tufanye hesabu, maana hiyo ndiyo kazi tuliyopewa na mkutano mkuu. Hesabu hii ni ya mfano tu, na kila mtu aweza kuweka tarakimu za kwake. Tuseme mwanafunzi atatumia shilingi milioni 3 kwa mwaka: karo, chumba, chakula, vitabu na nauli za boti. Shahada nyingi huchukua miaka 3, basi ni milioni 9. Tuseme tena, kwa wepesi wa hesabu, kilo moja ya karafuu kavu ni shilingi 14,000. Milioni 9 hiyo ni kilo 643 za karafuu kavu. Kilo 3 mbichi hutoa kilo 1 kavu, au karibu na hapo, basi ni zaidi ya kilo 1,900 za kuchumwa, kuchambuliwa na kuanikwa. Mkarafuu mmoja, ukichanganya mwaka mzuri na mwaka mbaya, tuukadirie kilo 3 kavu kwa mwaka. Basi kijana mmoja kwa miaka yake mitatu anakula mazao yote ya mikarafuu 71 au 72, na hapo mchumaji hajalipwa, wala mchambuaji, wala mwenye gari. Mzee wetu ana miti 80. Nyumba yake ina watoto sita.

Na hesabu hiyo ina kasoro, na kasoro hiyo ndiyo hasa iliyotufanya tushike kalamu. Chuo hudai karo kila mwaka. Mkarafuu hauzai kila mwaka. Mnajua wenyewe kwamba mti huu hutoa kwa wingi mwaka mmoja, kisha ukapumzika miaka miwili au mitatu ukitoa kidogo tu, na wakati mwingine haupati hata cha kufutia jasho la mchumaji. Ndiyo maana watu hukodisha mbele. Anayekodi naye si mjinga: kwa kuwa hajui mwaka utakuwaje, hutoa fedha ndogo, na akishatoa, hamu yake ni moja tu, kutoa kilo nyingi kwa misimu yake mitatu. Hatazami msimu wa nne. Huwapandisha wachumaji wa bei rahisi, wanaovuta tawi mpaka likaja chini, na likivunjika hakuna anayekemewa.

Hapa yafaa tuseme jambo ambalo wengine hawalijui, na ambalo tumelipata kwa wenye shahada wenyewe. Katika miaka ya 1940 na 1950 mikarafuu ya Unguja na Pemba ilikuwa ikifa kwa makundi, na watu wakasema ni husuda, wengine wakasema ni uzee wa miti. Wakaletwa wataalamu wawili, Nutman na Roberts, wakakaa miaka wakikata magogo na kutazama mizizi kwa darubini. Mwaka 1953 walieleza aina mbili mpya za kuvu walizozikuta katika mikarafuu yetu. Moja waliihusisha na kile kifo cha ghafla, mti kunyauka mzima kwa muda mfupi. Ya pili ni ile inayokausha matawi kuanzia juu, nayo huingilia penye jeraha. Jeraha hilo ni nini? Ni pale tawi lilipovunjwa na mchumaji. Basi yule anayekukodi miti ukamwacha aivunjevunje, anakuachia si msimu mbaya mmoja, bali mlango wazi wa maradhi katika mti ambao ungeishi kuwaona wajukuu. Na mche mpya ukiupanda badala yake utangoja miaka 6 hadi 8 kabla ya kuona ua la kwanza.

Tena hili la kutoa miti leo ili kulipia haja ya leo si jipya. Katika miaka ya 1930 mashamba mengi ya visiwa hivi yalikuwa yamezama katika rehani, hata Serikali ya wakati ule ikatunga sheria mwaka 1934 kuzuia ardhi isihamie mikononi mwa wakopeshaji. Babu zetu walikopa kwa arusi, kwa maziko, kwa kula. Sisi twakopa kwa elimu, na elimu ni bora kuliko biriani ya arusi, hapana ubishi, lakini mti uliokwisha kutoka mkononi haulizi umetolewa kwa sababu gani. Na walio na eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 wajue kwamba eka zile zilitolewa zilimwe.

Atasema mtu, basi si kuna mikopo? Iko. Zanzibar ina bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu tangu 2011, na Bara iko bodi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Twamsihi kila mzazi aanze huko kabla ya kuugusa mti. Wako wazee waliokuwa wakiukimbia mkopo wa bodi ya Bara kwa kuogopa riba, kwa sababu palikuwa na nyongeza ya asilimia 6 kila mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani ya mkopo. Nyongeza hiyo iliondolewa mwaka 2021. Lakini mkopo ni deni, na anayeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Kijana alijue hilo kabla ya kutia dole gumba.

Msituelewe vibaya. Ziko kazi ambazo bila ya shahada haziendeki, na anayewaambia watoto wetu waziache anatudhulumu sote. Daktari husoma miaka 5, kisha mwaka mmoja wa kufanya kazi chini ya macho ya wakubwa zake. Mhandisi husoma miaka 4. Msimu uliopita, miti ya mwanachama mmoja ilipoanza kukauka vilele, hatukumwita seremala. Tulimwomba bibi shamba aje, msichana mdogo mwenye shahada ya kilimo, naye akapanda mwenyewe mpaka juu, akakata vijiti, akavifunga katika mfuko na kuviandika. Mwanachama yule alikuwa na mdomo mkubwa juu ya wasomi. Tangu siku ile kanyamaza. Basi kijana anapokuja na jina la somo analotaka kusoma, suali la kwanza tumwulize hivi: kazi unayoitaka, yahitaji shahada kwa sheria na kwa hatari yake, au shahada ni pambo la juu? Kama ni udaktari, ualimu wa sekondari, uhandisi, tukae tutafute fedha. Kama ni shahada ya jina refu ambayo hata yeye mwenyewe hawezi kutueleza atafanya nini siku ya Jumatatu akiajiriwa, tungoje kwanza.

Na kati ya shahada na nyundo pana ngazi nyingi ambazo tumezoea kuziruka. Muuguzi aweza kuanza kazi kwa stashahada. Kizimbani kilimo kimefundishwa miaka mingi kwa ngazi ya cheti na stashahada. Taasisi ya Karume pale Mbweni hufundisha umeme, mitambo na ujenzi.

Ama kuhusu ufundi wenyewe, tusiusifu mpaka tukausingizia. Mnaikumbuka sakafu yetu ya kuanikia. Kwa waliojiunga karibuni: tulichanga, tukanunua saruji na kokoto, tukatafuta fundi wa bei nafuu, na tukampata. Alikuwa amebeba zege kwa watu miaka miwili, akajiita fundi. Alichota mchanga wa pwani na chumvi yake, hakutumia pima maji, na zege lilipokauka juu akaliacha juani wala hakulimwagilia maji hata siku moja, na hali zege lataka kunyweshwa siku 7 kwa uchache. Msimu wa kwanza nyufa zikatoka za kuingia kidole. Karafuu zikadumbukia humo, tukazikwangua na mchanga wake, na kule kwenye mizani zikakataliwa daraja la kwanza, na kwa haki. Tukaivunja sakafu, tukalipa mara ya pili. Fundi aliyekuja safari hii alitaka fedha zaidi, akapima siku nzima kabla ya kugusa sururu, na wajumbe wawili wakaanza kunung'unika kwamba anapoteza wakati. Sakafu hiyo mnaikanyaga leo. Kwa hiyo ufundi nao ni elimu, una miaka yake na una walimu wake, na aliyekimbia skuli akadhani ufundi ni mahali pa kupumzikia atatupasulia sakafu.

Pana na jambo la cheti. Zamani fundi alijulikana kwa kazi yake, na mtaa mzima ulikuwa ndio cheti chake. Siku hizi hoteli za Unguja zikitaka fundi umeme, fundi bomba au wa mashine za ubaridi, hutaka kuona karatasi. Tunavyo vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali: hapa kwetu Vitongoji na Daya Mtambwe, na Unguja Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Makunduchi. Huko Bara VETA huwapima hata mafundi waliojifunzia mitaani, wakawapa cheti kwa ujuzi walio nao. Kijana aliye kwa fundi asiridhike na sifa za mtaani peke yake. Tena fundi huzeeka. Mgongo huchoka, macho hufifia, na hakuna ofisi itakayompa kiinua mgongo. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa Zanzibar unapokea michango ya hiari, na mafundi wengi hawajui, au wanajua wakasema kesho.

Turudi kwa mzee wetu.

Ijumaa alikuja, na kijana akaja naye. Kijana alituamkia, akakaa ukingoni mwa kiti, kucha zake zina weusi wa grisi ambao sabuni haikuuweza. Tukamwuliza anataka kusoma nini. Akatazama chini, kisha akamtazama baba yake, kisha akasema, "Baba ndiye anayetaka nisome utawala. Mimi tangu nimalize kidato cha sita niko kwa fundi wa mashine za boti, Wete. Mwezi uliopita kanipa mashine tatu nizifungue na kuzifunga peke yangu." Mzee akasema, "Na zikawaka?" Kijana akasema, "Mbili." Hapo sote tulicheka, hata mzee, ingawa alikuwa hataki.

Lakini tulipomwuliza zaidi tukaona kwamba na huko nako si kuzuri kama alivyodhani. Hana mapatano yoyote na fundi wake. Halipwi, hajui atahitimu lini, na huenda akaosha spana miaka mitano huku fundi akipokea fedha. Hakuna karatasi hata moja. Baba anayeleta karatasi ya kukodisha miti 80 hakuwahi kufikiri kumwandikia mwanawe karatasi ya uanagenzi.

Na liko lingine, ambalo tuliliogopa kulisema mbele ya kijana, tukalisema alipotoka kwenda kuchukua maji. Daftari la kilo la mzee huyu, ambalo ndilo safi kuliko madaftari yote yanayofika ofisini, huandikwa na binti yake. Binti huyo alifaulu vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha nne, na sasa yumo kidato cha sita, na walimu wake wanasema anataka udaktari. Tukamwuliza mzee, "Na huyu wa daftari?" Akasema, "Yule ataolewa, Bwana Katibu." Tukamjibu, kwa adabu tuliyoiweza, kwamba muuguzi na daktari nao huolewa, na kwamba yeye mwenyewe mwaka jana alizunguka kisiwa kizima akitafuta daktari mwanamke amtazame mkewe. Akakaa kimya. Hatukuona kama amekasirika. Aliishika karatasi yake, akaikunja tena, akaiweka mezani.

Yafaa tuungame na letu, ili msidhani twasema haya kwa kuwa tumeshiba. Sisi tulipomaliza sekondari, matokeo yetu yalituruhusu kuendelea. Mwaka ule mikarafuu ya nyumbani haikuzaa. Marehemu baba alikuwa na mtu wa kumkodi, fedha mkononi, akakataa. Tulikaa miaka tukimnunia kimoyomoyo, na kila tulipomwona mwenzetu tuliyekaa naye dawati moja akishuka gari la ofisi, tulihesabu miti ya baba na kuona ameipenda kuliko sisi. Tukajifunza kuweka hesabu kwa karani mmoja mzee, jioni baada ya jioni, bila ya cheti. Leo miti ile ipo, ndugu zetu wadogo watatu wamesoma kwayo kidogo kidogo, mmoja ni mwalimu. Twasema kweli: bado jambo lile linatuuma, na bado hatuwezi kusema kwamba baba alikosea. Vyote viwili vimo kifuani pamoja.

Basi kamati imepokea pendekezo letu, na litaletwa katika mkutano mkuu kabla ya msimu. Mpaka sasa Mfuko wetu wa Elimu husaidia wanaokwenda vyuo vikuu peke yao. Tunapendekeza usaidie pia ada za vituo vya amali, na vifaa vya kuanzia kazi kwa anayehitimu: randa, patasi na msumeno kwa seremala, koleo, mita na drili kwa fundi umeme, sanduku la spana kwa fundi wa mashine. Vifaa vitolewe kama amana, virudishwe kwa malipo madogo madogo msimu hadi msimu. Pili, ofisi iwe shahidi wa mapatano ya uanagenzi, yaandikwe muda, posho, na siku ya kupimwa, na fundi asiyetaka kuandika asipewe kijana wa mwanachama. Tatu, mwanachama anayetaka kukodisha miti kwa zaidi ya msimu mmoja kwa ajili ya karo aje kwanza akae na kamati, na mapatano yaeleze kwamba tawi litakalovunjwa litalipwa. Wapo wajumbe wanaopinga hili la tatu, wakisema mti ni wa mtu na ofisi isiingie shambani kwake. Wana hoja, nao waje waiseme mkutanoni.

Tumeandika rasimu ya karatasi ya uanagenzi, ukurasa mmoja, na yeyote aweza kuja kuisoma asubuhi za kazi. Ya kijana wa Wete tumeiacha na nafasi tatu tupu: ya baba, ya fundi, na ya kijana mwenyewe. Fundi amesema atakuja kuitazama baada ya kumaliza mashine moja aliyoahidi. Ile nyingine, ya miti 80, bado imo sarakani mwetu, haina sahihi ya shahidi. Mzee alipita juzi kuleta daftari la kilo. Hakuiulizia, wala hakuichukua.